"Kosa la Wastani": Uhakiki wa Istilahi za Amri za SCSI katika Vifaa vya USB

Umetufikia mswada wa mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza, uliokusudiwa makarani wa masjala na walimu wanaofundisha somo la kompyuta. Mwongozo huo unaeleza jinsi mfumo endeshi wa kompyuta unavyotuma amri kwa vifaa vya kuhifadhia data vinavyochomekwa katika tundu la USB, na unafundisha namna ya kusoma taarifa za makosa ambazo vifaa hivyo hurudisha. Tuliombwa tutoe maoni juu ya istilahi zake. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa kuwa mswada haujapigwa chapa, na kwa kuwa, tukiri mapema, sehemu kubwa ya kazi yake ni njema. Walakini yamo ndani yake maneno machache ambayo yakiachwa kama yalivyo yatamfanya karani mwaminifu apoteze kumbukumbu za mwaka mzima, hali akidhani anafuata maelekezo.

Tuanze na lililo baya zaidi. Katika jedwali la makosa mfasiri ameandika "Kosa la wastani", na mbele yake pana maelezo mafupi: jaribu tena. Msomaji yeyote wa Kiswahili atafahamu kwamba yako makosa madogo, yako makubwa, na hili liko katikati. Si la kupuuzwa, wala si la kutia hofu. Basi atajaribu tena, na kesho atajaribu tena, na ataendelea kuweka hesabu zake katika kifaa hicho hicho. Kumbe neno la Kiingereza lililokuwa mbele ya mfasiri, "medium", halikuwa na maana ya kadiri hata kidogo. Katika taaluma hii neno hilo ni jina la kitu kinachoandikiwa: utando wa sumaku wa diski, au chembe za kumbukumbu ndani ya flashi. Kosa linalotajwa ni kwamba kitu hicho chenyewe kimeharibika na data iliyokuwamo haisomeki. Aghalabu kifaa kimekwisha kujaribu kwa nguvu zake chenyewe kabla ya kutoa taarifa. Shauri lililofaa kuandikwa pale ni moja tu: nakili upesi vyote vinavyosomeka, kisha usikitumie tena kifaa hicho.

Huenda mfasiri alipotoshwa na namba. Makosa ya SCSI hupangwa katika mafungu yenye namba, na fungu hili ni la 3. Mtu aonapo 3 katika orodha inayoanza na sifuri na kupita 7, ni rahisi kufikiri kuwa ni ngazi ya kati. Lakini namba hizo si ngazi za ukali. Fungu la 2 ni kifaa kutokuwa tayari; la 4 ni hitilafu ya maunzi; la 5 ni ombi lisilokubalika; la 7 ni kitu kilichokingwa kisiandikwe. Hakuna lililo dogo kuliko jingine kwa sababu ya namba yake, kama vile jalada namba 3 la masjala lisivyo zito kuliko jalada namba 2.

Sasa tuseme nini badala yake? "Chombo" ni pana mno. "Midia" limekwisha kutwaliwa na magazeti na redio. "Kifaa" halifai kabisa, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa sababu tofauti hii ndiyo roho ya somo zima. Chukua kisoma-kadi kilichochomekwa kwenye kompyuta bila kadi ndani yake. Kifaa kipo, kimetambuliwa, kinajibu amri. Kinachokosekana ni kadi. Mfumo endeshi ukikiuliza kama kiko tayari, kitajibu kwa fungu la 2, pamoja na namba ya ziada 3A kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo maana yake ni kwamba kinachoandikiwa hakimo. Mswada umefasiri taarifa hiyo "Kifaa hakipo". Tumfikirie mwalimu aliyeshika kifaa mkononi, taa yake ikiwaka, akisoma mbele ya wanafunzi arobaini kwamba hakipo! Tunapendekeza "kihifadhio" kwa kile kinachoandikiwa, kwa mfano wa kichujio na kicharazio, na "kifaa" kibaki kwa kile kinachopokea amri. Hapo taarifa ya kwanza itakuwa "kasoro ya kihifadhio", na ya pili "kihifadhio hakimo".

Yafaa tueleze kwa ufupi asili ya amri hizi, maana mswada unazitaja bila kusema zimetoka wapi. SCSI, ambayo mafundi huitamka skazi, ilichipuka kutokana na kazi za kampuni ya Shugart ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza diski. Ilikubaliwa kuwa kanuni ya kitaifa huko Marekani mwaka 1986. Siku hizo ilikuwa ni kebo nene yenye nyaya nyingi, ikiunganisha kompyuta na diski, tepu, na mashine za kunakili picha. Kebo hiyo imekwisha kupotea katika meza za ofisi. Lililobaki ni lugha yake: namna ya kuuliza wewe ni nani, uko tayari, una ukubwa gani, soma hapa, andika pale. USB ilipotoka mwaka 1996 na vifaa vya kuhifadhia vikaanza kuunganishwa nayo, wataalamu hawakutunga lugha mpya. Waliichukua lugha ya skazi ilivyo na kuitia ndani ya bahasha ya USB. Ndiyo sababu katika Linux flashi ndogo ya dukani huorodheshwa kama diski ya skazi, na sehemu ya mfumo inayoishughulikia hujifanya kuwa kadi ya skazi ambayo kwa kweli haimo ndani ya kompyuta. Windows nayo hufuata njia iyo hiyo: sehemu moja hujua USB, na juu yake hukaa sehemu nyingine ijuayo diski tu, isiyojali waya ni wa namna gani.

Hapa ndipo mswada unapojikwaa mara ya pili. Sehemu ya mfumo endeshi inayoshughulikia kifaa fulani mfasiri ameiita "kiendeshi". Nayo diski yenyewe ameiita "kiendeshi". Kosa hili si lake peke yake. Limeenea katika tafsiri nyingi, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mawili yaliyo ndugu, nasi tumeyatia yote katika umbo moja. Matokeo yake ni sentensi kama hii katika mswada: "Kiendeshi hutuma amri kwa kiendeshi kupitia kiendeshi cha USB." Tumeisoma mara nne. Maana yake, tulipolinganisha na Kiingereza, ni kwamba programu ya diski humpa amri mwenziwe wa USB, naye huifikisha kwa diski. Tunaonelea neno "kiendeshi" libaki kwa programu pekee, kwa kuwa ndiyo inayoendesha. Ile diski haiendeshi kitu, huendeshwa. Iitwe "diski", ijapokuwa ndani ya flashi hamna kitu cha duara kinachozunguka. "Diski mweko" ni tafsiri iliyokwisha kuzoeleka, na mtaani husemwa "flashi" tu. Hatuoni ubaya mwongozo wa makarani ukitumia yote mawili, moja katika maelezo na jingine katika mifano.

Ama kuhusu bahasha, tunampongeza mfasiri. Neno la Kiingereza lilimaanisha karatasi ya kufungia kitu, naye angeweza kusema "kifungashio" akaishia hapo. Amechagua "bahasha", na picha inakaa vizuri. Kila amri husafiri katika bahasha ya baiti 31. Nje yake pana alama ya utambulisho, namba ya kumbukumbu, kiasi cha data kitakachofuata, na uelekeo wake. Ndani yake pana nafasi ya baiti 16 kwa amri yenyewe ya skazi. Data ikishapita, kifaa hurudisha hati ya majibu ya baiti 13, ikitaja namba ile ile ya kumbukumbu ili ijulikane ni jibu la barua ipi. Mtumishi yeyote wa masjala ataelewa mara moja. Kuna jambo moja ambalo mswada umelipita haraka, nalo lingepamba somo: namba zilizo nje ya bahasha huandikwa kwa kuanza na baiti ndogo, na namba za amri iliyo ndani huandikwa kwa kuanza na baiti kubwa. Wazee wa pwani wataikumbuka barua iliyoandikwa anwani kwa herufi za Kirumi kutoka kushoto, na ndani yake maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia. Bahasha ni ya posta, barua ni ya mwenyewe. Kila moja ina kanuni zake, na asiyejua hilo atasoma namba kinyume.

Hati iliyoweka utaratibu huu wa bahasha ina tarehe ya 31 Septemba 1999 katika jalada lake. Septemba haijapata kuwa na siku 31. Mfasiri amesahihisha kimyakimya akaandika 30. Sisi twasema hapana: tarehe ya hati hunakiliwa ilivyo, hata kama ina kosa, kwani mtu atakayeitafuta ataitafuta kwa tarehe hiyo hiyo.

Turudi kwenye yaliyo mazito. Hati ya majibu hubeba hali moja kati ya tatu. Ya kwanza, sifuri, mfasiri ameiita "amri imepita". Kwa nje tafsiri ni sahihi, kwa maana mtihani nao hupita. Lakini "kupita" katika Kiswahili kuna njia ndani yake. Mtu akiambiwa kuwa amri ya kuandika imepita, huelewa kwamba data imevuka, imefika, imekaa. Naye mfasiri, kwa kufuata maana hiyo, ameongeza kwa hiari yake sentensi isiyokuwamo katika Kiingereza: "Baada ya hapo unaweza kuchomoa kifaa."

Sentensi hiyo ni ya hatari, na yafaa tuonyeshe kwa nini. Karani anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu yake huukabidhi mfumo endeshi maandishi hayo, nao huyaweka kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa mpango wa kawaida wa Linux maandishi yaweza kukaa humo kiasi cha sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa yamechelewa na kuanza kupelekwa. Wakati huo hakuna amri yoyote ya kuandika iliyokwisha kutumwa. Kisha amri hutumwa, mara nyingi zaidi ya moja kwa faili moja, na kila moja hurudishiwa hati yake. Kupita kwa mojawapo hakusemi lolote juu ya zilizobaki. Hata ile iliyopita, kama kifaa kina akiba yake ya muda ndani, huenda data ingali katika akiba hiyo. Iko amri nyingine kabisa ya kukiagiza kifaa kimimine akiba katika kihifadhio. Zipo basi hatua tatu: kupokewa na mfumo, kupokewa na kifaa, na kutuama katika kihifadhio. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa zote tatu, ila mswada umezitia zote katika "kuandikwa" na "kupita".

Tunapendekeza hali ya sifuri iitwe "amri imekubaliwa na kutekelezwa", na sentensi ya mfasiri ifutwe. Mahali pake paandikwe kwamba kifaa huchomolewa baada ya mfumo endeshi kuulizwa na kutoa idhini. Ni kweli kwamba Windows 10, tangu toleo la mwisho wa mwaka 2018, huacha akiba hiyo kwa vifaa vya kuchomoa ili mtumiaji aweze kuchomoa bila kuomba ruhusa, madhali hakuna kinachoandikwa wakati huo. Lakini mwongozo ni wa mifumo yote, na karani hajui ofisi atakayohamishiwa mwakani ina mfumo gani.

Hali ya pili, "amri imeshindwa", haina tatizo. Ya tatu imefasiriwa "kosa la awamu". Neno si baya katika kamusi, ila mtumishi wa serikali wa Tanzania asikiapo "awamu" mawazo yake huenda Ikulu, na wanafunzi watacheka. Jambo lenyewe ni kwamba kompyuta na kifaa vimetofautiana juu ya hatua vilipofikia: kimoja kinangoja data, kingine kinangoja jibu, na hapo hakuna dawa ila kuanza mazungumzo upya. "Mtafaruku wa hatua" lingefaa. Kwa upande mwingine, kifaa kinapofunga mlango wa data kwa kutotaka kuendelea, mfasiri amesema "mlango umegoma". Hapo amepata hasa. Ndivyo tusemavyo juu ya gari na juu ya pampu.

Amri inaposhindwa, hati ya majibu haisemi sababu. Mfumo endeshi hulazimika kutuma amri ya pili, ya kuuliza: una nini? Jibu lake kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya hisi na pia maana ya mantiki, nalo mswada unaliita "data za maana". Mfasiri alichagua upande usiostahili. Neno hilo ni la zamani katika kompyuta, nalo lilihusu kile ambacho mashine imekihisi juu ya hali yake yenyewe. "Data za hisi" lingekuwa karibu zaidi na asili, lakini kwa makarani tungependelea "taarifa ya sababu", kwa kuwa ndiyo kazi yake. Katika taarifa hiyo hiyo, fungu la 5 limeitwa "ombi haramu". Haramu ni hukumu ya dini. Kifaa hakimtuhumu mtu dhambi. Kinasema tu kwamba amri hiyo hakiijui au imepangwa vibaya, na mara nyingi si kosa la mtumiaji bali ni mfumo endeshi uliokiuliza kifaa cha bei nafuu jambo lisilo katika uwezo wake. "Ombi batili" ni lugha ya ofisi na inatosha. Fungu la 6 limeitwa "uangalifu wa kitengo", kana kwamba kitengo kimesifiwa kwa kuwa makini. Kinachotokea ni kwamba kifaa kinamgutusha mwenyeji wake: kuna jambo limebadilika tangu tulipozungumza, pengine kadi imebadilishwa, usitegemee unayoyajua. "Kifaa kinatanabahisha" litafaa.

Tumetaja "mwenyeji". Mfasiri amelitumia kwa kompyuta, na tunaliunga mkono. Skazi yenyewe ilikuwa na majina mawili, anayeanzisha na anayelengwa, na mswada una "mwanzishaji" na "mlengwa". Tunashukuru kwamba hakufuata kawaida ya diski za namna nyingine za zamani, ambazo zilipokuwa mbili katika kebo moja ziliitwa kwa Kiingereza bwana na mtumwa. Tumewahi kuyaona maneno hayo yamefasiriwa neno kwa neno katika kitabu cha shule. Katika nchi ambamo soko la Unguja lingali linakumbukwa, mfasiri ana haki ya kusema "diski ya kwanza" na "diski ya pili" na kuendelea na kazi.

Liko jambo la hesabu ambalo si la istilahi tupu, lakini istilahi ndiyo iliyolizaa. Mfumo endeshi hukiuliza kifaa ukubwa wake, na mswada unasema kuwa kifaa "hurudisha idadi ya bloku". Sivyo. Hurudisha anwani ya bloku ya mwisho, na kwa kuwa anwani huanza na sifuri, idadi ni hiyo pamoja na moja. Kifaa kikijibu 15,633,407, kina bloku 15,633,408, na kila moja ikiwa ya baiti 512 jumla ni baiti 8,004,304,896. Mwalimu anaweza kulieleza kwa nyumba ya ghorofa: aliye ghorofa ya tano anakaa safu ya sita kutoka chini. Tusimlaumu mno mfasiri wetu, maana hata watengenezaji wa vifaa wamekosea papo hapo, wakarudisha idadi badala ya anwani ya mwisho. Mfumo endeshi ukifuata jibu hilo huomba bloku ambayo haipo, na baadhi ya vifaa huzimia kabisa vinapoulizwa hivyo. Linux inayo orodha ndefu ya vifaa vyenye tabia zisizo za kawaida, na dosari hii ni mojawapo ya zile zilizotengewa alama yake maalumu, ili mfumo upunguze moja wenyewe. Mswada umeiita orodha hiyo "vifaa visivyo vya kawaida". Sisi tungesema "vifaa vyenye vituko", lakini tunakubali kwamba wahariri wengine hawatalipitisha.

Sura ya mwisho inahusu utaratibu mpya zaidi, ambao haulazimishi kila amri ingoje iliyotangulia imalizike. Katika utaratibu wa bahasha amri ni moja kwa wakati mmoja. Katika huu mpya kifaa hupewa amri nyingi pamoja, nacho huzitimiza kwa mpango kinaouona bora. Windows iliupokea katika toleo la 8, mwaka 2012. Mfasiri ameuita mpangilio huo "foleni". Wenzetu wawili katika kamati walilikataa, wakitaka "msururu", kwa hoja kwamba foleni ni neno la mtaani. Sisi tulilitetea kwa sababu limekwisha kuenea toka vituo vya daladala hadi benki, lakini hoja ya mmoja wao haikujibika upesi: katika foleni aliyetangulia huhudumiwa kwanza, na hapa kifaa kina ruhusa ya kumhudumia wa nne kabla ya wa pili. Neno hilo tumeliacha wazi, nasi tutapokea mapendekezo ya wasomaji kabla mswada haujarudishwa kwa mfasiri.